Fidia za treni kuchelewa Uingereza, kwanini zisiboreshe huduma?

mzee_wa_reli: Wakuu naomba kueleweshwa. Kumbe Uingereza reli ikizingua Network Rail wenye reli wanailipa kampuni ya treni, afu abiria anajazia fomu ya Delay Repay (fidia ya kucheleweshwa) kwa hiyo kampuni, na wengi hawajisumbui kudai. Sasa hela inayobaki si waibane kisheria iende kwenye vyoo vya stesheni na wafanyakazi wa kutoa taarifa treni zikikwama?

Bin_Juma: Mkuu hayo ni mafungu mawili tofauti. Ya Network Rail inaitwa Schedule 8, inafidia mapato kampuni inayopoteza watu wakiichoka treni, haikuwekwa kwa ajili ya abiria. Na inalipwa pande zote, treni ya kampuni ikifia njiani ikazibia wenzake basi kampuni ndo inalipa. Afu tangu 2020 kampuni nyingi mapato na hasara zinabebwa na serikali, kwahiyo hiyo "inayobaki" ukiifuatilia unaikuta hazina 😅

Nuru_K: Ila wazo la mzee_wa_reli lilishafanyika jamani. Ratiba mpya ya Mei 2018 ilivyovurugika, kampuni ya treni ya Govia Thameslink Railway walibanwa na serikali watoe pauni milioni 15 za kuboresha mambo ya abiria, na abiria wenyewe wakaulizwa wanataka nini kwenye stesheni zao. Ile ilikuwa adhabu lakini, sio Schedule 8. Kwangu sehemu tamu ni hapo pa kuulizwa, maana ukiwaachia mameneja watapaka rangi ukuta waseme wameboresha.

chuma_cha_pua: Mi napinga. Aliyecheleweshwa ndo alipwe kwanza. Kampuni nyingi ukichelewa dakika 15 mpaka 29 unapata robo ya nauli ya kwenda, 30 mpaka 59 nusu, saa zima nauli yote ya kwenda. Kama tiketi kanunua kwenye apu wanajua treni yake na kadi yake, sasa fomu ya nini? Wamrudishie hela moja kwa moja, benchi jipya atalikalia mwingine kabisa.

mzee_wa_reli: @chuma_cha_pua sawa ila yule wa tiketi ya karatasi aliyelipa keshi utampataje? Yake ndo nasema iende kwenye vyoo, na abiria waulizwe kama alivyosema Nuru. @Bin_Juma hiyo ya hazina imeniuma aisee, sikuijua.