Binti yangu amepata nafasi ya kusoma Uswidi, takwimu za ubakaji zinanitisha. Naombeni ushauri

Baba Subira, Tanga
Habari zenu wana jukwaa. Binti yangu wa kwanza, miaka 24, amepata ufadhili wa shahada ya uzamili kule Uppsala, Uswidi. Nyumba nzima tulishangilia. Wiki iliyopita shemeji akanitumia jedwali linalopanga nchi kwa idadi ya ubakaji kwa kila watu 100,000. Uswidi iko juu kabisa pamoja na nchi chache. Misri iko mkiani. Sisi Tanzania tuko chini ya Uswidi kwa mbali. Mke wangu tangu alione halali usingizi, anasema mtoto haendi. Mimi ni seremala, takwimu si fani yangu, lakini vipimo navijua na namba naiheshimu. Chuo kinataka jibu kabla ya mwisho wa mwezi. Nimzuie?

Mkwawa Jr
Mzee, mtoto wa kike ni mmoja, ufadhili upo mwingi. Mpeleke Afrika Kusini, vyuo vizuri na ni karibu.

Dada wa Uppsala
Shikamoo baba. Nipo huku mwaka wa sita sasa, nafanya kazi ya kutunza wazee, na zamu za usiku nazimaliza saa nne, narudi na baiskeli. Hofu ya mama naielewa, hata mama yangu aliniuliza hayo hayo.

Hilo jedwali linahesabu malalamiko yaliyoandikwa polisi, na kila nchi inaandika kivyake. Huku mwanamke akilalamika kwamba mumewe amembaka kila siku kwa mwezi mzima, polisi wanaandika makosa 30 au zaidi. Nchi nyingine ingeandika moja. Tena huku linaingia kwenye hesabu siku ile ile linaporipotiwa, hata kama uchunguzi baadaye hautathibitisha kitu, wakati Ujerumani wanahesabu polisi wakishamaliza uchunguzi. Na sheria imepanuliwa mara kadhaa: 2005, 2013, halafu tangu Julai 2018 ngono bila ridhaa ni ubakaji hata kama hapakuwa na nguvu wala vitisho. Kila sheria inapopanuka, namba inapanda.

Sitakuficha baya lililopo. Magenge ya vijana yanapigana kwa bunduki. Mwaka 2022 watu zaidi ya 60 waliuawa kwa risasi nchi nzima, na Septemba 2023 hata hapa Uppsala palikuwa na risasi na mabomu. Mwalimu kijana aliuawa nyumbani kwake kwa sababu tu mlengwa alikuwa jirani. Tulilia sote. Hilo ndilo ningekuwa naliulizia kama mzazi: mtaa gani, nyumba gani.

Mama Swaumu, Mombasa
Baba Subira, pole na wasiwasi. Nimekaa miaka mingi na akina mama wanaoumizwa majumbani mwao, kwa hivyo niongeze hili. Uswidi mume kumbaka mkewe ni kosa tangu 1965. Kwetu Kenya, Sheria ya Makosa ya Kingono ya 2006 imewatoa wanandoa kwenye kosa hilo. Kwenu Tanzania kanuni ya adhabu inalitambua pale tu mke na mume wametengana. Mama yule yule, maumivu yale yale: huko anahesabiwa mara thelathini, huku hahesabiwi hata mara moja. Sasa jedwali linatuambia nani ana amani?

Afande Mstaafu
Nimekaa kaunta ya kituo miaka 19. Mtu anaibiwa simu, anakuja kuandikisha kwamba *imepotea*, kwa sababu anataka karatasi ya kurudishia laini tu. Ukimwambia tufungue jalada la wizi anakataa, hana muda wa kuitwa mahakamani. Binti aliyeharibiwa anakuja kuchukua PF3, ile fomu ya polisi, atibiwe, kesho yake wazee wa pande mbili wameyamaliza, mlalamikaji haonekani tena. Niliona hayo kila wiki. Nchi yenye namba ndogo inaweza kuwa ni nchi ambayo watu wamechoka kwenda kituoni.

Mwalimu wa Hesabu
Afande kasema kweli, na si kwetu tu. Mwaka 2014 wakaguzi wa polisi wa Uingereza na Wales walikuta karibu asilimia 19 ya makosa yaliyoripotiwa hayakuandikwa, zaidi ya 800,000 kwa mwaka. Kwa makosa ya kingono ilikuwa asilimia 26.

Baba Subira, ukitaka kulinganisha nchi anza na mauaji, maana maiti haifichiki kirahisi. Uswidi waliuawa watu 121 mwaka 2023, kama mmoja kwa kila watu 100,000. Afrika Kusini anayoipendekeza ndugu hapo juu, mwaka 2022/23 polisi waliandika zaidi ya 27,000, kama 45 kwa kila 100,000.

Kwa ubakaji, tafuta tafiti zinazowauliza wanawake wenyewe majumbani. Utafiti wa afya wa Tanzania wa 2015-16 ulikuta asilimia 17 ya wanawake wa miaka 15 hadi 49 wamewahi kufanyiwa ukatili wa kingono. Ilinganishe na hiyo namba ya polisi iliyokupa faraja.

Mkwawa Jr
Nimeelewa mwalimu. Pendekezo langu naliondoa.

Baba Subira, Tanga
Ndugu zangu, ahsanteni. Jana usiku nilimsomea mke wangu majibu yote, binti akiwa amekaa pembeni. Nilipofika kwa Afande, pale pa simu, Subira akainamisha kichwa.

Simu yake ya mwaka juzi haikudondoka kwenye daladala kama alivyotuambia. Alikabwa na vijana wawili akitoka maktaba saa mbili usiku, wakamvuta gauni, akawaachia simu akakimbia. Alinyamaza akihofu tutamwachisha chuo. Na mimi baba yake ndiye niliyempeleka kituoni. Karatasi bado ninayo kabatini, imeandikwa "kupotelewa na simu".

Mama yake amemkumbatia mpaka saa sita. Leo asubuhi ndiye aliyesema mtoto aandike barua akubali.

Dada wa Uppsala, naomba uniandikie pembeni mitaa ambayo wanafunzi wanapanga, na basi la mwisho usiku ni saa ngapi.