Prosesa tatu kwenye kopo la Blue Band, ipi inaingia kwenye soketi yangu?

Mama Risiti, Kigoma

Wakuu, habari za jioni. Nina kibanda cha uchapaji Kibirizi, jirani na maboti. Kazi yangu kubwa ni risiti za mizigo, nakala tatu za kaboni, kwa hiyo bado nategemea printa ya utepe, ile inayolia krii krii mpaka mteja anaziba masikio. Kompyuta pekee niliyonayo yenye tundu la waya wake mnene ni huyu mzee wangu wa Windows XP. Msiniambie ninunue mpya, nimeshaambiwa sana.

Juzi feni ilianza kukoroma. Nikafungua klipu, nikaivuta na chuma chake cha kupoza, kikaja na prosesa (ubongo wa kompyuta) imeng'ang'ania chini kama ukoko wa ugali. Na soketi, tundu lake kwenye bodi, ilikuwa bado imefungwa! Pini kama sita zililala. Nikazinyoosha kwa wembe, mbili zikakatika. Prosesa yenyewe imeandikwa 2.40GHZ/512/533. Nimejaribu kuirudisha, haiwaki.

Fundi wangu alipohamia Kasulu aliniachia kopo la mabakibaki, na humo nimekuta prosesa tatu. Moja ni 3.00GHZ/1M/800, chini haina pini, ina vidoti vya dhahabu tu. Nyingine ni 3.00GHZ/512/800, ina pini lakini katikati pako wazi. Ya tatu ni AMD Athlon 64, imeandikwa ADA3000AEP4AX, pini zake nyingi kama brashi. Niweke ipi?

mgebuka_mkavu

Hiyo ya kwanza. 1M ya kache, kumbukumbu ya ndani ya prosesa, ni kubwa kuliko 512, itakuwa na nguvu zaidi.

Fundi wa Isevya, Tabora

Mgebuka, utamuulia dada madabodi, bodi kuu ya mashine. Dada, usiweke chochote kwanza. Maandishi ya juu peke yake yanadanganya: mwaka 2004 Intel waliitoa 3.00GHZ/1M/800 kwa sura mbili, yenye pini ya soketi 478 na isiyo na pini ya LGA775. Ndiyo maana lazima uigeuze. Hiyo yako ya vidoti ni 775, pini zake ziko kwenye soketi ya bodi. Kwako haina pa kukaa.

Athlon nayo iache koponi. Kwenye namba zake tazama herufi inayofuata baada ya 3000: A ni soketi 754, D ni 939, I ni AM2. Yako ni 754, na hakuna bodi ya Intel inayoipokea.

Imebaki ya katikati. Pini zilizozunguka uwazi wa mraba, hiyo ni 478, sawa na marehemu wako. Hakikisha: kwenye plastiki ya soketi pameandikwaje? Halafu kuna la pili, na hapa ndipo wengi hukwama. Kuingia si kuwaka. Marehemu alikuwa na basi (njia ya data kati ya prosesa na bodi) ya 533, huyu ana 800. Soma chipseti, chipu inayoiongoza bodi. Ikiwa 865G au 865PE, huna shida. Ikiwa 845, tutaongea.

Mama Risiti, Kigoma

Nimemulika kwa simu, nikapiga picha na kuikuza. Soketi: mPGA478B. Kwenye bodi, karibu na ramu, pana 845GE. Tuongee basi.

Fundi wa Isevya, Tabora

Nilijua tu. 845GE inaishia 533. Basi ya 800 ni 200 mara nne, ya 533 ni 133 mara nne. Huyo wa 3.00 amefungwa kuzidisha mara 15: 15 kwa 200 ndiyo 3000, yaani 3.00GHZ. Bodi yako ikimpa 133, utapata 2.0, yaani chini ya ile 2.4 uliyoivunja. Au bodi itamkataa, skrini ibaki nyeusi. Kujaribu hakutaunguza kitu. Inua kichuma cha pembeni mpaka kisimame wima, linganisha kona yenye pini pungufu na kona ya soketi, kisha iachie idondoke yenyewe. Ukijikuta unasukuma, umekosea. Futa pesti ya zamani, ile ya kupitisha joto kati ya prosesa na chuma, kwa spiriti, weka mpya kiasi cha punje ya mchele.

Na siku nyingine, kabla ya kutoa feni, washa mashine dakika kumi pesti ilainike, izime, uchomoe umeme, halafu zungusha chuma kushoto na kulia. Usivute.

mgebuka_mkavu

Nimenyamaza.

Mama Risiti, Kigoma

Imewaka! Mara ya kwanza giza, nikachomoa umeme, nikatoa betri ndogo ya bodi, nikaenda kunywa chai, nikarudisha. Imeandika 2.00GHZ. XP inachukua muda kufunguka, lakini printa imeshalia krii krii na boti la saa kumi limepata risiti zake. Fundi, ukiona 2.4 ya basi ya 533 huko Tabora niwekee, nitakutumia hela ije na treni. Na ile ya vidoti, kuna mtu ana bodi yake?