Ushauri: MGB ya 1972 iliyokwama injini, au Triumph Spitfire inayotembea na rangi mpya?

SpanaMkononi

Wakuu, salaam. Nataka gari la michezo la zamani, la viti viwili, nilifufue mwenyewe pole pole. Ndoto ilikuwa Datsun 240Z, lakini bei zake zimepaa kiasi kwamba hata lililooza sakafu linauzwa kama zima. Nimeshuka chini, nimebaki na mawili.

La kwanza ni MGB ya 1972, la wazi juu. Injini imekwama, halijawashwa miaka mingi. Rangi imepauka na kuchunika, viti vimechanika. Ila lipo kamili na lilihifadhiwa ndani. Mwenye nalo ni mzee, hana haraka.

La pili ni Triumph Spitfire 1500 ya 1976. Linawaka, linatembea, lina rangi nyekundu mpya inayong'aa na mazulia mapya. Bei iko juu kidogo, na muuzaji anasema kazi iliyobaki ni "ndogo ndogo tu".

Spana nazijua: breki, klachi, kufungua injini na kuirudisha nimeshafanya. Kuchomelea sijui. Nina sehemu ya kufunika gari moja. Pesa ya kununua ipo, ya kufufua itakuja kidogo kidogo kila mwezi. Moyo unavutwa na Spitfire kwa sababu nitaliendesha kesho yake. Nishaurini.

MchomeajiMkongwe

Mkuu, umetaja mwenyewe kwamba kuchomelea hujui, halafu unavutwa na gari ambalo mabati yake yamefichwa. Rangi mpya kwenye gari linalouzwa ndiyo ya kwanza kunitia shaka. Muulize muuzaji picha za bodi kabla haijapakwa. Kama hana, chukulia kuna puti (ule ujiuji mgumu wa kuzibia bati lililooza) chini yake mpaka uhakikishe vinginevyo.

Injini ya haya magari ni ya chuma cha kawaida, spea zipo, na wewe unaweza kuifanya mwenyewe. Kutu ndiyo inayomaliza watu pesa. Kwa hiyo nunua bodi, injini itafuata.

MGB halina chesisi ya kujitegemea. Bodi yenyewe ndiyo inayobeba kila kitu, na kwa kuwa la wazi halina paa la kusaidia, nguvu karibu yote iko kwenye ile mihimili ya chini ya milango. Kila mhimili una tabaka tatu za bati: la nje, la katikati na la ndani. Mtu mjanja atakuwekea bati jipya la nje, atalipaka rangi, na ndani kubaki ungaunga. Kwa macho huoni kitu.

Jinsi ya kulijua: weka jeki upande mmoja, mahali pake pa kuwekea jeki chini ya mhimili, nyanyua taratibu huku unatazama mwanya kati ya mlango na bodi. Mwanya ukibana au kupanuka, mhimili umekwisha. Kisha fungua mlango huo gari likiwa juu, ufunge. Ukigoma kufunga, ondoka. Jeki ikizama kwenye bati badala ya kunyanyua gari, hilo nalo ni jibu. Na usiingie chini ya gari linaloshikiliwa na jeki peke yake, weka stendi.

Halafu pitisha sumaku ndogo uliyoifunga kwenye kitambaa. Isiposhika, hapo pana puti. Pita sehemu ya chini ya mabawa ya mbele, nyuma ya gurudumu, ambako tope hujikusanya. Pita sakafu, pita springi za nyuma zinaposhikwa. Nyuma ya viti kuna visanduku vya betri. La 1972 lilitoka kiwandani na betri mbili za volti 6 pale, na asidi imevila visanduku hivyo kwenye magari mengi. Hivyo si vya kuogopa, vinabadilishwa.

TaaZaKuchomoza

Mazda MX-5 ya kizazi cha kwanza, 1989 hadi 1997. Inawaka kila asubuhi, gia zake raha, haimwagi oili sakafuni. Yote mnayotafuta kwenye hayo magari ya Uingereza, Mazda waliyatengeneza upya bila karaha zake. Mjadala umekwisha.

MzeeKabureta

@TaaZaKuchomoza haujaisha, mdogo wangu. MX-5 nayo huoza mihimili ile ile, mbele kidogo ya magurudumu ya nyuma, vitundu vya kutolea maji ya paa vikiziba. Ni gari zuri, nalikubali. Lakini mwenye uzi anataka kufufua gari, na MX-5 zima utalifufua nini?

Mwenye uzi, nilitetee kidogo Spitfire. Lina chesisi, na boneti lote pamoja na mabawa linafunguka kwa mbele, unakaa juu ya gurudumu ukifanya kazi kama umekaa kibarazani. Kwa mtu wa spana hakuna gari rahisi zaidi. Lakini usidanganywe na neno chesisi ukadhani mihimili ya milango ni pambo. Kwenye Spitfire nayo inabeba uzito, na vyuma vinavyoshikilia ekseli ya nyuma vimefungwa kwenye bodi, mbele ya magurudumu ya nyuma. Pakioza hapo, gari litayumba.

Pia kuna ugonjwa wa injini unaoweza kuupima bila kufungua chochote. Fungua boneti, mtu akanyage klachi na kuachia, wewe tazama puli ya krenki, yaani ya ile shafti kuu inayozungushwa na pistoni. Ikienda mbele na kurudi kwa kiasi unachokiona wazi, zile washa nusu duara zinazozuia krenki isicheze zimeisha, au zimeshadondoka kwenye sampu, lile karai la oili chini ya injini. Zikidondoka, krenki inakula blok yenyewe. Na krenki ya 1500 haipendi kuzungushwa kwa kasi kubwa muda mrefu, kwa hiyo sikiliza kama kuna mlio wa kugonga chini ya injini ikiwa imepata moto na tazama presha ya oili.

Ringi_Mpya

Mbona hakuna anayetaja Porsche 944? Nayaona kwa bei ya kutupa.

MzeeKabureta

Bei ya kutupa ina sababu. Mkanda wa taiming ukikatika, valvu zinagonga pistoni. Gia boksi iko nyuma, na katikati kuna bomba refu lenye shafti. Ukitaka kubadili klachi unaondoa ekzosi, unashusha gia boksi, unasogeza bomba, ndipo uione. Bodi yake imepakwa zinki, haiozi hovyo, na gari ni tamu kweli. Lakini mtu anayelipa kidogo kidogo kila mwezi hawezi kuliendeleza lile. Ununuzi ni rahisi, bili ni za Porsche.

SpanaMkononi

Nashukuru sana. Sasa swali la hofu yangu: injini iliyokwama. Inawezekana kuifungua bila kuivunja? Na nikishindwa, nimekwama na chuma cha kuzibia mlango?

Pistoni4

Kwanza hakikisha ni injini kweli. Weka gia huru. Legeza stata, meno yake wakati mwingine hung'ang'ania kwenye flaiwili. Tazama pia kama alteneta na pampu ya maji zinazunguka ukitoa mkanda.

Ikiwa ni injini, toa plagi zote, mimina oili ya kupenyeza kutu kwenye kila silinda, acha zikae. Siku kadhaa, si saa kadhaa. Ongeza tena. Fungua kifuniko cha juu utazame kama kuna valvu iliyokwama, maana ukilazimisha utapinda fimbo yake. Halafu weka spana ndefu kwenye nati ya krenki, jaribu kwa mkono, mbele na nyuma, milimita kwa milimita. Usimkubali yeyote anayesema livutwe na gari jingine likiwa kwenye gia. Hapo ndipo ringi zinavunjika.

Ikigoma kabisa, fungua silinda hedi. Injini ya MGB ni ya sentimita za ujazo 1798, ya chuma, haina siri. Tangu mwishoni mwa 1964 krenki yake inashikwa na beringi tano badala ya tatu, kwa hiyo la 1972 ni lile gumu. Magari zaidi ya nusu milioni yalitengenezwa kati ya 1962 na 1980, pistoni na gasketi bado zinauzwa mpya. Hedi ikiwa imeshatoka, mwambie fundi mashine aweke viti vigumu vya valvu za ekzosi, kwa sababu vya awali vilitegemea petroli yenye risasi.

MchomeajiMkongwe

Naongezea hapo kwenye spea. British Motor Heritage wanatengeneza mpaka bodi nzima mpya ya MGB kwa mitambo ya zamani ya kiwandani. Sisemi ununue, bei yake itakutoa jasho. Lakini maana yake ni kwamba hakuna bati la gari hilo utakalolikosa.

KadiMkononi

Niseme yasiyopendeza. Linganisha namba ya chesisi na makaratasi kabla hujatoa hata senti ya kishika bei. Gari lisilo na makaratasi safi ni spea za kuuza tu.

Pia hesabu vitu vidogo: fremu ya kioo cha mbele, vipande vya kromu, vipini, dashibodi na saa zake, fremu ya paa. Injini nzima inaweza kukugharimu pesa kidogo kuliko kufufua kromu na viti. Gari kamili lililochakaa lina thamani kuliko gari zuri lililofunguliwa na kuwekwa kwenye maboksi, maana kwenye maboksi huwa kuna kitu hakipo.

SpanaMkononi

Nimerudi kutoka kuyaona yote mawili.

Spitfire: sumaku imedondoka kwenye mihimili yote miwili, karibu urefu wote. Puli ya krenki inacheza hata kwa mtu asiye na miwani. Nilipotoa jeki, muuzaji akasema tutaharibu rangi.

MGB: nimenyanyua pande zote mbili, mwanya wa mlango haukubadilika, milango imefunga vizuri. Sumaku inashika kila mahali isipokuwa chini ya bawa la mbele kushoto. Visanduku vya betri vimetoboka, kama alivyosema mkuu. Namba zinalingana. Magurudumu ni ya spoki, na nilipoyatikisa moja la nyuma lilitoa mlio wa kugonga.

Nadhani jibu nimelipata, ila huo mlio?

MzeeKabureta

Nyanyua hilo gurudumu, mtu akanyage breki kwa nguvu, wewe jaribu kulizungusha. Gurudumu likisogea na hab ikabaki palepale, meno yameliwa. Utabadilisha hab na gurudumu kwa pamoja. Ukiweka kipya juu ya kilicholiwa, kipya nacho kitaliwa. Tumia hilo kushusha bei.

MchomeajiMkongwe

Hongera. Sasa ulichukue, lakini usilifungue lote. Watu wengi huvua gari mpaka mfupa mwezi wa kwanza, halafu pesa inakata na hamu inakata. Wewe unalipa kila mwezi, kwa hiyo fanya sehemu moja, imalize, uende nyingine. Anza na injini kwa sababu unaiweza. Piga picha kabla ya kufungua kila kitu, nati weka kwenye mifuko yenye jina.

Siku fundi wa kuchomelea atakapokuja kwa bawa lile, akitaka kukata chochote karibu na mhimili, achomelee kwanza bomba la kukaza uwazi wa mlango, upande mmoja kwa wakati. Akisema haihitajiki, tafuta mwingine.

Pistoni4

Na kabla halijaondoka kwa mzee, mwombe ufunguo wa tangi ulinuse. Petroli ya miaka mingi inageuka gundi. Usiiruhusu hata tone lifike kwenye zile kabureta mbili za SU. Shusha tangi, lisafishwe, mipira yote ya mafuta na breki itupwe. Oili ya breki nayo iwe mpya, hiyo iliyomo imeshanyonya maji. Matairi tazama tarakimu nne pembeni, wiki na mwaka. Ukikuta tatu tu, ni ya kabla ya 2000, usiliendeshe nayo hata kwenda kuosha. Livute kwa trela.