Naomba ushauri: mume wangu hakumbuki majina tangu aumie kichwa

Habari zenu wapendwa. Mume wangu anauza dagaa pale Mwaloni, soko la samaki la Kirumba, kando ya ziwa hapa Mwanza. Miezi saba iliyopita alianguka na bodaboda, akaumia kichwa upande wa kushoto. Mwili umepona, na hesabu za magunia anapiga vizuri kuliko mimi. Shida ni majina.

Juzi alimshika mkono mtoto wetu wa mwisho, akamwangalia, akasema, "Wewe... wewe wa uji." Anamjua, anajua hata kwamba anapenda uji wa ulezi, ila jina halitoki. Nilipomtajia herufi ya kwanza likaja. Akageukia ziwani, machozi yanamlengalenga.

Daktari alitueleza kuwa kwa watu wengi maneno hushughulikiwa na upande wa kushoto wa ubongo, na jina la mtu ni gumu zaidi kwa sababu halina maana ya kushikilia, tofauti na "mvuvi" au "sato" (yule samaki).

Aliyewahi kuuguza mgonjwa wa hivi anisaidie: akikwama nimtajie jina, au nimwache alitafute mwenyewe? Wateja wanadhani anawadharau, na mama mkwe anasema karogwa. Na hapa Mwanza mtaalamu wa tiba ya usemi mlimpata wapi?