Naomba ushauri: lishe ya mifugo na baiokemia vinanitoa jasho

Wakuu habari zenu, mi nipo mwaka wa 2 udaktari wa mifugo, naomba msaada kwa mliopita huku. Anatomia naiweza, shida ni lishe na baiokemia, yaani nimekariri kabisa kwamba kwenye rumeni (lile tumbo kubwa la kwanza la ng'ombe) bakteria wanavunja nyasi zinakuwa asidi asetiki, propioniki na butiriki, na propioniki ndo ini linaigeuza kuwa glukosi, ila mtihani ukileta ng'ombe kazaa juzi, anakamuliwa sana, hataki pumba na anakonda, nabaki natoa macho tu. Kumbe jibu ni ketosisi, yaani glukosi haimtoshi kwa maziwa anayotoa, mwili unayeyusha mafuta yake na ketoni zinajaa kwenye damu, vitu vilevile nilivyokariri!

Halafu likizo nyumbani ng'ombe wa mzee akaanguka siku ya pili baada ya kuzaa, daktari wa kata akamwekea dripu ya kalsiamu, muda si mrefu kasimama. Kumbe kalsiamu ilishuka kwenye damu (homa ya maziwa), na mimi sikuwaza kabisa. Mzee ananiangalia mimi "daktari" wake, aibu jamani 😂

Sasa mnasomaje haya masomo mpaka yaungane na mnyama mwenyewe? Nianze na magonjwa nirudi nyuma kwenye baiokemia, au niombe kujitolea kwenye shamba la maziwa kwanza? Na hesabu za kuchanganya chakula kwa kisanduku cha Pearson (ile njia ya kuchora mraba kupata uwiano wa vyakula viwili) kuna mtu anaweza nielekeza taratibu?