Glukosi oksidesi kwenye elektrodi: vilele vipo, lakini nikiweka glukosi mkondo haupandi. Msaada wakuu

Nuru_K:
Habari zenu wakuu. Naombeni ushauri wa maabara. Nimefunga glukosi oksidesi (kimeng'enya kinachooksidisha glukosi) kwenye elektrodi iliyopakwa mirija nano ya kaboni, bila mbebaji wa elektroni (molekuli ndogo inayozisafirisha kati ya kimeng'enya na elektrodi). Nataka elektroni zitoke kwenye FAD ya kimeng'enya (molekuli iliyo ndani yake, inayopokea elektroni za glukosi) ziingie moja kwa moja kwenye kaboni. Kwenye voltametria ya mzunguko (kupandisha na kushusha volti huku nikipima mkondo) napata vilele viwili safi karibu na volti −0.45 (elektrodi ya rejea ni fedha na kloridi ya fedha, pH 7). Nikiongeza glukosi, kilele cha upande wa kupokea elektroni kinapungua. Msimamizi wangu anasema huo ni ushahidi tosha kwamba elektroni zinavuka moja kwa moja. Mimi bado roho inasita. Nimewaza pia kuilegeza protini kwa urea ili FAD isogee karibu na elektrodi. Mnaonaje?

Hemu_C:
Una haki ya kusita. Tazama muundo wa kimeng'enya chenyewe: FAD imezama zaidi ya angstromu 13 (nanomita 1.3) kutoka juu ya protini, na nje kuna minyororo ya sukari inayoongeza umbali. Ndani ya protini elektroni huvuka kwa kupenya kikwanta (kupita kizuizi bila kuwa na nishati ya kukiruka), na kila ukiongeza angstromu 1.7 hivi, kasi inashuka mara kumi. Kundi la mtafiti Leslie Dutton lilipitia miundo ya protini nyingi mwaka 1999, likakuta vituo vinavyopokezana elektroni havipishani zaidi ya angstromu 14, ukingo kwa ukingo. Penye safari ndefu, mfano changamano la kwanza la mitokondria (protini kubwa ya upumuaji wa seli), vishada vya chuma na salfa vimepangwa mfululizo na elektroni inaruka kutoka kimoja hadi kingine. Kimeng'enya chako hakina mnyororo huo. Hakiuhitaji, maana oksijeni ni molekuli ndogo, inaifuata FAD huko huko ndani.

Kaboni12:
Sasa hivyo vilele. FAD huru ikinata kwenye kaboni inatoa vilele pale pale ulipoviona, na FAD ya glukosi oksidesi haijashikwa kwa bondi ya kovalenti, kwa hiyo hubanduka. Kilele kupungua nako kuna maelezo: kimeng'enya kilicho hai kikipata glukosi kinatumia oksijeni ya kwenye bafa (mmumunyo unaodumisha pH), na oksijeni hiyo ndiyo ilikuwa inachangia mkondo wako. Piga naitrojeni mpaka oksijeni iishe, kisha weka glukosi. Kama elektroni kweli zinatoka kwenye kimeng'enya, mkondo wa kuoksidisha utapaa kuanzia karibu na −0.4 na kubaki juu. Usipopaa, unachopima ni FAD iliyobanduka. Andaa pia elektrodi yenye FAD peke yake, ulinganishe.

Dada_Shaba:
Mdogo wangu, urea achana nayo. Ukilegeza protini, FAD itatoka na kimeng'enya kitakufa. Halafu umbali ni sehemu tu ya habari. Angalia plastosianini, protini inayobeba elektroni kwenye usanisinuru: shaba yake imebanwa na asidi amino nne, yaani histidini mbili, sisteini na methionini, na hata ukiitoa shaba, mfuko ule unabaki karibu na umbo lile lile. Shaba huru kwenye maji hupenda mpangilio mmoja ikiwa na elektroni ya ziada na mwingine ikiipoteza, na kuhama huko kunagharimu nishati. Protini imekataa kuhama, kwa hiyo gharama inakuwa ndogo na elektroni inapita haraka. Rudolph Marcus alipewa Nobel ya kemia mwaka 1992 kwa nadharia inayoonyesha jinsi gharama hiyo inavyoamua kasi. Ugumu wa protini unaotaka kuuvunja ndio unaofanya kazi.

Nuru_K:
Asanteni sana. Kesho naanza na naitrojeni. Ikithibitika ni FAD huru, nielekee wapi?

Hemu_C:
Inategemea unatafuta nini. Ukitaka kitambuzi cha glukosi, tumia mbebaji. Ferosini (molekuli ndogo zenye chuma) zilionyeshwa kufanya kazi hiyo tangu 1984, na polima zenye osmiamu nazo ni nzuri kwa sababu hazivuji kutoka kwenye elektrodi. Ukitaka hasa elektroni zivuke moja kwa moja, badilisha kimeng'enya: selobiosi dihaidrojenesi ya kuvu ina sehemu ya hemu (molekuli yenye chuma inayopokea na kutoa elektroni) iliyoungwa kwa kiungo laini na sehemu ya FAD. Hemu inapokea kutoka FAD, inageukia elektrodi na kukabidhi. Ila kimeng'enya hicho kawaida hupendelea sukari za selobiosi na laktosi, glukosi hakiipendi sana.

Kaboni12:
Na matokeo ya naitrojeni yaweke hapa, hata yakiwa bapa.