Naombeni ushauri: kukata kulia kwa baiskeli kwenye makutano yenye taa

Mama_Kengele:
Wakuu, habari za saa hizi. Naomba msaada kwa wanaojua sheria na wenye uzoefu wa barabara. Naenda kazini kwa baiskeli, na mwanangu namkalisha kiti cha nyuma nimshushe shuleni. Njiani sina shida. Shida ni makutano makubwa yenye taa ambapo lazima nikate kulia, na kwa kuwa tunaendesha kushoto, inabidi niyakatize magari yanayotoka mbele. Kila mtu ananiambia lake. Mmoja anasema baiskeli si gari, nyekundu hainihusu kama barabara iko wazi. Mwingine anasema nishuke nisukume kila mara. Madereva wakinikuta katikati wananipigia honi utadhani nimevamia shamba lao. Nifuate lipi? Na lori likisimama ubavuni kwangu, nikae wapi?

Fundi_Spoku:
Dada, huyo wa kwanza usimsikilize. Mkataba wa Vienna wa usafiri wa barabarani wa mwaka 1968, ambao nchi nyingi zimeufuata, unamhesabu mwendesha baiskeli kuwa dereva. Taa nyekundu inakuhusu, alama ya kusimama inakuhusu. Lakini na haki unazo: ukiwa na kijani unakwenda moja kwa moja, anayekata kona kukatiza njia yako ndiye anayetakiwa akupishe. Ukishuka ukasukuma, nchi nyingi zinakuhesabu mwenda kwa miguu, unavuka kwenye zebra na wenzako. Kinachoponza watu ni kupita kwenye zebra huku umepanda. Dereva anatazamia mtu anayetembea, ghafla inachomoka baiskeli.

Upepo_Mkali:
Mkuu, si kila mahali. Jimbo la Idaho, Marekani, tangu 1982 mwendesha baiskeli anaruhusiwa kupita penye alama ya kusimama bila kusimama kama hakuna wa kumpisha. Na Paris kuna taa ambazo baiskeli inakata kulia hata zikiwa nyekundu.

Fundi_Spoku:
Ni kweli, ila malizia na sehemu ya pili. Idaho hiyo hiyo, kwenye taa nyekundu lazima usimame kwanza, upishe, ndipo uende. Na Paris ruhusa inatolewa na kibao kidogo cha pembetatu kilichowekwa kwenye taa hiyo. Taa isiyo na kibao, unasimama kama wote. Hizo ruhusa zimeandikwa kwenye sheria za huko. Mtu asizibebe akaenda kuzitumia pasipo na sheria hiyo, tena na mtoto nyuma.

Tela_Ndefu:
Mimi ni dereva wa malori, nijibu hilo la lori. Mama, usiingie kati ya lori na ukingo wa barabara. Kamwe. Pale chini ya mlango wa kushoto kuna eneo ambalo sikuoni hata nikiwa na vioo vyote. Halafu matairi ya nyuma ya tela hayapiti yalipopita ya mbele. Nikikata kushoto, yanakuja ndani zaidi, yanaifagia kona yote. Na kabla ya kukata kushoto mara nyingi naanza kwa kujivuta kulia ili nipate nafasi. Wewe ukiona hivyo unadhani nimekuachia njia, unaingia. Kaa nyuma yangu, usogee kidogo upande wa kulia ili uuone uso wangu kwenye kioo. Usipouona, na mimi sikuoni.

Kona_Pana:
Mdogo wangu, kwa hali yako mimi ningekata kona kwa hatua mbili. Kijani kikiwaka, vuka moja kwa moja ukiwa upande wako wa kushoto hadi ng'ambo. Hapo simama kwenye kona, geuza baiskeli itazame unakotaka kwenda, mbele ya magari yaliyosimama, usizibe zebra. Taa ya upande huo ikiwa kijani, unaenda nayo. Hukatizi mbele ya gari hata moja. Denmark, ambako wanaendesha kulia, baiskeli lazima zikate kushoto kwa namna hiyo. Australia wanaendesha kushoto kama ninyi, na sheria inaruhusu isipokuwa kuna alama inayokataza. Utapoteza mzunguko mmoja wa taa, basi. Kukaa leni ya katikati na mkono umeunyoosha kunahitaji kasi na kuangalia nyuma mara kwa mara, na mtoto akijitikisa hapo usukani unayumba.

Mama_Kengele:
Asanteni sana wakuu, hiyo ya hatua mbili sikuwahi kuelezwa. Swali la mwisho: alfajiri nikiwa peke yangu, kuna taa haibadiliki mpaka gari lije. Hapo je?

Fundi_Spoku:
Hiyo taa inasubiri ihisi chuma. Tazama lami karibu na mstari wa kusimamia, utaona michoro iliyochongwa, ya mstatili au duara, imezibwa kwa lami nyeusi. Chini yake kuna waya wenye umeme. Simamisha magurudumu yote mawili juu ya mchoro wenyewe, usikae katikati ya umbo. Hata rimu za alumini huhisiwa. Ikigoma, shuka, bonyeza kitufe cha waenda kwa miguu kama kipo, uvuke zebra ukisukuma. Na mtoto abaki amefungwa mkanda kwenye kiti huku umeishika baiskeli kwa mikono miwili.